Mwalimu wa madrasa ampeleke wapi mtoto wake mwenyewe?

Mwalimu wa chuo, Tanga (muulizaji)

Assalamu alaykum. Nimesomesha Qur'ani kwa miaka 17 katika madrasa iliyo ubavuni mwa msikiti wa mtaa wetu hapa Tanga, na watoto 60 na ushei hukaa mkekani mbele yangu kila alasiri, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa. Mwanangu wa pili amemaliza darasa la saba na amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule ya kata, nami sijapata usingizi mzuri tangu orodha ilipobandikwa.

Mwenzangu mmoja ananishauri nimpeleke kwanza akahifadhi Qur'ani kwa miaka 2, ndipo arudi shule. Mke wangu angependa shule ya bweni ya Kiislamu, ila ada yake ya mwaka inazidi kipato changu chote cha miezi 10, hata nikihesabu kofia ninazoshona usiku, kwani ada ya madrasa ni shilingi 5,000 kwa mwezi na wanaoitoa bila kukumbushwa hawafiki nusu. Inabaki shule ya kata, ambayo tangu 2016 haina ada, na jioni aendelee kusoma kwangu kama kawaida.

Kinachonisumbua zaidi ni macho ya wazazi. Mimi ndiye ninayesimama kila mwaka katika maulidi ya madrasa nikiwahimiza watangulize dini. Nikimpeleka wangu shule ya kata, watasema ninahimiza nisilolitenda. Nikimpeleka bweni, watauliza madrasa isiyomtosha mtoto wa mwalimu itawatosheje watoto wao. Dada yake alikwenda shule hiyohiyo ya kata na sasa yuko kidato cha nne. Walimu wenzangu, nyinyi mlifanyaje?

Maalim, Unguja

Wa alaykumu salaam, maalim. Hilo la hifdhi kwanza nililifanya, na nitakueleza lilivyokwenda. Mwanangu alipotimiza miaka 13 nilimtoa shule nikampeleka bweni la kuhifadhi. Alirudi baada ya miaka 2 na juzuu 21 kifuani, kati ya sehemu 30 za Qur'ani, tukamchinjia mbuzi. Nafasi yake ya shule ya serikali haikumsubiri, kwa hiyo nikalazimika kumlipia shule ya binafsi, akakaa na watoto aliowazidi umri huku hesabu zimemtoka kichwani. Alipofika kidato cha pili nilimsikiliza usiku mmoja wa Ramadhani, nikakuta juzuu anazoweza kuzisoma bila kukwama ni 6. Walimu wa kule sina la kuwalaumu, kwa maana kazi yao waliifanya. Mimi nilidhani kuhifadhi ni kazi inayokwisha siku ya sherehe, nikasahau kwamba aliyehifadhi asipodurusi na mtu wa kumsikiliza kila siku, Qur'ani humtoka haraka kuliko ilivyoingia.

Wadogo zake hawakutoka nyumbani. Husoma nusu ukurasa baada ya alfajiri, mama yao akiwa ameushika msahafu, ndipo wavae sare za shule.

Jambo jingine ambalo wengi wetu hatulifuatilii ni kwamba Elimu ya Dini ya Kiislamu na Kiarabu ni masomo yanayotahiniwa na Baraza la Mitihani katika kidato cha nne. Nenda shuleni ukaulize yana mwalimu. Mara nyingi utaambiwa kipindi cha dini kipo kwenye ratiba lakini hakuna wa kukifundisha, na hapo maalim utakuwa umejipatia kazi.

Mkazi wa Mombasa

Suala hili lina historia huku kwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefikia kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alilitumia gazeti lake la Al-Islah mwaka 1932 kuwahimiza Waislamu wa pwani waitafute elimu ya kisasa bila kuiacha dini wala Kiarabu. Mwanawe Ali alisoma shule na dini pia, na baba alikusudia kumpeleka Al-Azhar, Cairo. Sheikh akafariki 1947, mtoto ana miaka 14. Mtihani wake wa sekondari haukuwa mzuri, akaajiriwa ukarani katika taasisi ya elimu ya Kiislamu hapa Mombasa, kisha akapata njia ya kwenda Uingereza, na mwishowe akawa profesa wa siasa Makerere. Wapo wazee wanaosikitika hadi leo kwamba nyumba ile ilipoteza sheikh. Mimi sikubaliani nao, lakini ninawaelewa.

Ninamtaja kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia Sheikh Al-Amin kwamba anahimiza asilolitenda, kwa kuwa aliyahimiza yote mawili mbele ya watu. Wewe mimbarini unahimiza moja na nyumbani unahitaji mawili. Badilisha maneno yako ya maulidi, na macho ya wazazi hayatakutisha.

Ustadhat, Kilwa

Maalim, samahani kwa nitakalosema. Binti yako alipokwenda shule ya kata, usingizi haukukupotea na wala hukutuuliza. Kama shule hiyo ilimfaa yeye hadi kidato cha nne, imfae na ndugu yake. Na kama ina kasoro, basi binti ndiye anayekabiliwa na mtihani mwaka huu, tuanze na yeye.

La pili ni hilo la kuendelea kusoma kwako. Mimi nilisomeshwa na baba yangu. Kwa kuwa nilikuwa mtoto wa mwalimu, nilikabidhiwa wadogo niwasomeshe kabla sijamaliza juzuu amma, ile ya mwisho ambayo wanafunzi huanza nayo, na nilipokuwa nikiitamka herufi ya Kiarabu 'ayn kama alifu alinipita kwa huruma, au labda kwa uchovu. Nilisahihishwa nina miaka 16, mbele ya wasichana wengine, na mwalimu asiyenijua. Mpeleke shule ya kata, lakini jioni akasome kwa mwalimu mwingine.

Mwalimu wa chuo, Tanga (muulizaji)

Nimesoma majibu yote mara mbili, na la ustadhat limeniuma kwa haki. Jana nilimuuliza binti yangu ni nani anayewafundisha kipindi cha dini, akacheka, akasema kidato cha nne wanajifundisha wenyewe kwa daftari la waliotangulia. Jumatatu nitakwenda kuonana na mkuu wa shule.

Kijana ataripoti shuleni hukohuko. Jioni atasoma kwa maalim wa Chumbageni, mkali wa tajwidi, yaani kanuni za kuitamka Qur'ani, ambaye hatujazungumza vizuri tangu tulipogombania wanafunzi miaka michache iliyopita. Nimemtumia salamu. Amejibu kwamba mtoto aje Jumamosi, aje na msahafu wake, na kwamba ada ni 5,000 kama wengine, nisimwombe punguzo.