Naomba ushauri: mbwa wangu alikufa kwa parvo, naweza kuleta mwingine?
Habari za leo wakuu. Wiki tatu zilizopita nilimpoteza mbwa wangu wa miezi 3 kwa parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Jioni alikataa uji wake wa dagaa, usiku akatapika, asubuhi nikakuta ameharisha damu, harufu yake hadi leo haijanitoka puani. Alitundikiwa dripu siku mbili, hakupona. Inaniuma kwa sababu nilimchanja mara moja tu, akiwa na wiki 7, kumbe chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16.

Sasa jirani ameahidi kunipa dume la wiki 8, na watoto hawalali kwa hamu. Ninachoogopa ni ua. Kirusi hiki hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Banda nimelichoma na sakafu nimeisugua kwa jiki, lakini chini ya mwembe alipopenda kulala ni udongo mtupu.

Aliyepitia haya anisaidie: nimchukue nimfungie barazani hadi amalize chanjo, au abaki kwa jirani kwanza? Na ya kichaa cha mbwa anaweza kuchomwa siku moja na ya parvo?