Tunaenda Dodoma mwisho wa Agosti, tunataka kuona mashamba ya zabibu na viwanda vya mvinyo

Mama wa Tabata

Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tuna harusi Dodoma mwisho wa Agosti, tumepanga kubaki kwa ajili ya mvinyo tu. Yeye aliwahi kwenda Stellenbosch, Afrika Kusini, kikazi, akarudi na habari za mashamba ambayo mgeni anakaribishwa, anakaa kivulini na kuonjeshwa aina moja baada ya nyingine huku akielezwa. Je, Dodoma kuko hivyo? Tuanzie wapi? Naomba pia mnieleweshe hizi aina. Hapa Dar ukitaja mvinyo wa Dodoma kwenye sherehe, watu wanajua ni lazima uwe mtamu.

Mgogo wa Mbagala

Mbukwenyi dada. Nimezaliwa Mpunguzi, nimekulia kwenye mizabibu, na sasa nina duka la vinywaji huku Mbagala. Swali lako limenigusa.

Kwanza, mwezi mmeupata. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, kwa hiyo wanavuna mara moja kwa mwaka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza, mkulima mwenyewe ndiye anayepanga kwa kupogoa, ndiyo maana tunavuna mara mbili: Februari hadi Machi, na Agosti hadi Septemba. Mimi naupenda huu wa pili. Mvua zimeshakatika, ukungu hausumbui, na zabibu inajaa sukari.

Mkifika shambani ombeni mchume punje chache za zabibu nyeusi ya mvinyo. Ni ndogo, ganda lake nene, mbegu zimejaa. Ibinye kwa vidole: maji yanayotoka hayana rangi, wekundu wote uko kwenye ganda. Ukishaliona hilo, aina zinajieleza. Mvinyo mwekundu unachachuka pamoja na maganda yake, ndiyo maana una ule ukakasi ulimini. Mweupe unakamuliwa kwanza, maganda yanatolewa, ndipo maji yachachuke peke yake. Mkavu ni ule ambao chachu imeila sukari karibu yote na kuigeuza kilevi. Mtamu, sukari imebaki. Sifa ya utamu tuliyonayo Dar imeletwa zaidi na Dompo, ule mvinyo mtamu, watu wengi wameanzia hapo na wakaishia hapo. Lakini Dodoma inatoa mvinyo mkavu mzuri, na inaniuma kuona mteja anaupita rafuni kwa sababu tu haujatoka nje ya nchi.

Shemeji mwambie aonje mweupe mkavu wa Chenin Blanc. Ni zabibu ileile inayoongoza kwa kupandwa Afrika Kusini, kwa hiyo ataweza kulinganisha. Kwenye wekundu, tafuteni wa zabibu ya Syrah, na wa zabibu tunayoiita Makutupora Nyekundu, jina la kule kwenye kituo cha utafiti wa zabibu.

Sehemu za kwenda: Hombolo wapo CETAWICO, kampuni ya mvinyo, wana kiwanda chao. Bihawana ni misheni ya zamani ya Wakatoliki, na wamisionari wa Kiitaliano wanakumbukwa kwa kuotesha zabibu Dodoma, mwanzoni kwa ajili ya divai ya misa. Mkija kwa gari, shamba la zabibu la Chinangali II liko Chamwino kabla hamjaingia mjini. Msitegemee mambo ya Stellenbosch. Hivi ni viwanda vya kazi, pigeni simu kabla na mwende siku ya kazi, Jumapili mtakuta mlinzi tu.

Mkiwa huko ulizeni habari za mchuzi, yaani maji ya zabibu iliyokamuliwa. Zabibu ikishaiva haingoji, na jua la Dodoma mnalijua. Mkulima asiyepata mnunuzi kwa wakati anaziona zikisinyaa kwenye matawi. Dawa yake ni kuzikamua na kuhifadhi mchuzi kwenye matangi hadi kiwanda kije kununua. Mimi nimeona wazee wakimwaga jasho msimu mzima halafu mnunuzi haji. Kwa hiyo nikisema nunueni chupa ya Dodoma, nina watu kichwani.

Kijana wa Upanga

Naongezea historia kidogo. Stellenbosch imeanzishwa 1679, ila mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa Februari 1659 na watu wa Jan van Riebeeck, mkuu wa Waholanzi kule. Wana zaidi ya miaka 350 ya kujifunza kupokea wageni, tusiwalinganishe na Dodoma. Na hata wao ni watoto: Georgia, kule Caucasus, watafiti walipima vipande vya vyungu na kukuta dalili za mvinyo wa karibu miaka 8,000 iliyopita. Walitangaza 2017. Mpaka leo Wageorgia wengine wanachachusha kwenye mitungi ya udongo iliyofukiwa ardhini.

Mama wa Tabata

Asanteni sana, Mgogo umenifungua macho. Swali la mwisho: ule mwekundu nikirudi nao hapa Dar, ni kweli haupaswi kuingia kwenye friji?

Mgogo wa Mbagala

Hiyo sheria ni ya nyumba za Ulaya zenye ubaridi. Sebule ya Tabata ina nyuzi 30, mwekundu ukiunywa hivyo unahisi kilevi tu, tunda hulipati. Uweke kwenye friji kama nusu saa, utoe, ndipo umimine. Mweupe ulaze humo mapema zaidi. Na mkirudi, chupa zifungeni kwenye kanga ndani ya begi. Mkiwa na gari, msiziache kwenye buti mkisimama Morogoro kula, joto la humo linaharibu mvinyo kabla hamjafika Kimara.

Mkipiga simu Hombolo, ulizeni kabisa siku wanayokamua. Mkiikuta hiyo, mtaona kazi nzima kuanzia kreti hadi tangi.