Eti "si akanunue baiskeli"! Huyu fundi wa ekzosi leo kanimaliza

Mshika Klachi

Wakuu salamu nitawapa nikitulia, sa hivi mikono inatetemeka, nimekaa kwenye ngazi ya nyumba na pikipiki iko mbele yangu naiangalia kama naangalia mgonjwa aliyerudishwa kutoka hospitali wakasema mpelekeni tu nyumbani.

Simtaji jina. Hana haja ya kutajwa. Mtu yeyote wa Morogoro mwenye pikipiki ya porini anamjua, yule mwenye ovaroli ambalo halijawahi kuonana na sabuni, yule anayesema "hii ndogo sana hii" kabla hata hujashusha stendi. Huyo huyo unayemfikiria ndo yeye.

Mimi nina Honda XR250 used ya Japan. Naipandisha Mgeta mara 2 kwa wiki, na aliyewahi kukata pale Sangasanga akapanda mpaka Nyandira anaujua ule mlima, hauna undugu na mtu. Nikibeba mbolea nyuma inakuwa nzito kwenye zile kona. Sailensa ilikuja nayo huko huko Japan siyo ya kiwandani, ile ya alumini, kifuniko cha nyuma kina riveti, ndani kuna bomba la matundu limezungushiwa sufi ya kioo na mdomoni kuna kizibo chenye katundu kadogo. Sufi ilishaungua, ilianza kukoroma. Nikamwambia kwa Kiswahili safi: fundi toa riveti, weka sufi mpya, bomba la matundu usiliguse, kile kizibo nitengenezee kingine chenye tundu kubwa kidogo ipumue, kabureta panda jeti, kale katundu kanakopitisha mafuta, hatua moja. Kelele isizidi, nina mtoto wa miezi 4 na mama mwenye nyumba ana presha. Akajibu "hii ndogo sana hii". Nikatoa elfu 85, hela ya jeti humo humo.

Narudi jioni. Wakuu. Huyu mtu amechukua grainda akakata ekzosi mbele kidogo ya pale yale mabomba 2 yanapoungana kuwa moja, kakata kama anakata muwa, halafu hapo akachomelea BOMBA LA KITANDA. Rangi ya bluu bado ipo! Bluu ya vitanda vya bweni! Fupi limeishia chini ya kiti. Nauliza sailensa yangu iko wapi, ananiambia "ile ilikuwa imekufa". Imekufa imezikwa wapi? Alumini ile, kaiuza skrepa, sa hivi kuna familia inapikia ubwabwa. Na jeti hakugusa, skrubu za kabureta zina tope langu la Mgeta kama nilivyoliacha!

Nikapiga kiki. Kuku wa mtaa ule nadhani usiku huu wameingia Dodoma. Mama wa chapati kaangusha mwiko, gari iliyopaki ng'ambo ikaanza kulia alamu, mzee mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa akapiga shahada. Ukiachia resi inapiga baruti, pa! pa! pa! watu wanainama.

Nikazima. Nikamwambia kwa heshima kabisa, fundi hivi sivyo tulivyokubaliana. Hapo sasa. Akajifuta mikono taratibu na lile tambara. Hakunitazama mimi. AKAWAGEUKIA vijana wa kijiweni akawaambia, "kama anataka kimya si akanunue baiskeli."

Kijiwe kizima kikalipuka. Kuna mmoja alilala chini kabisa mguu unapiga piga hewani.

Si akanunue baiskeli!! Elfu 85 yangu iko mfukoni mwake, bomba lake la kitanda liko kwenye pikipiki yangu, na mimi ndo nikanunue baiskeli? Nimerudi nayo nyumbani, kile kimlima cha kuingilia mtaani nilichokuwa nakipanda gia ya 3 leo nimeshuka mpaka 1, na gizani naona shingo ya ekzosi inawaka nyekundu. Mtoto kaamka analia hadi sa hivi. Mama mwenye nyumba katuma meseji ya neno moja, "Notisi".

Lakini hayo yote ningemeza. Ni vile alivyowageukia WAO.

Kiazi Mviringo

Bila picha huu uzi ni chai

Mshika Klachi

Chai? Niwashe uisikie huko huko uliko bila simu?

Dogo wa Kihonda

Hahahaha bomba la kitanda 3 kwa 6 au 4 kwa 6? Maana ya 4 kwa 6 inalala watu wawili, ungempakia na shemeji

Baba Tunu

Mleta uzi pole ila kosa lako umelifanya mwenyewe, uliondoka. Fundi haachwi peke yake na grainda. Unakaa pale kwenye ringi ya gari unanunua hata karanga unamwangalia mikono mpaka mwisho.

Mshika Klachi

Mzee nilikuwa kazini, ningekaaje? Na hata ningekaa, neno lile angesema tu, lilikuwa limeshamjaa mdomoni. Alivyojifuta ile mikono yani hadi kucha, anajiandaa, kama mtu anayekwenda kupokea tuzo.

Chuma Mboga

Acheni utani kidogo, hii kitu inaua injini za watu. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo. Valvu ya kutolea ikifunguka moshi unaruka kwa kasi na nyuma yake unaacha mvuto, ule mvuto ndo unasaidia kumalizia moshi uliobaki kwenye silinda na kuikaribisha hewa mpya na mafuta. Upana na urefu wa bomba vimepimwa ili ule mvuto uje wakati wake. Ukiweka bomba pana na fupi moshi unalegea resi ikiwa chini, nguvu inahamia juu kwenye resi ya mwisho huko, na mtu mwenye mbolea nyuma kwenye kona ya Mgeta hafiki huko. Ndo maana kimlima kimekushinda.

Na ile sailensa yako waliyoifanya sufuria wala haikuwa inabana kihivyo. Moshi unanyooka katikati ya bomba la matundu, sauti ndo inayoingia kwenye matundu inazama kwenye sufi inageuka joto. Iliyokuwa inabana ni kile kizibo cha mdomoni tu, na ulimwambia vizuri kabisa. Hizo baruti ni kwa sababu mafuta ni kidogo hewa ni nyingi, na nina uhakika pale alipochomelea panavuja, hewa inaingia ukiachia resi. Usiipandishe Mgeta hivyo. Fungua plagi uitazame, ikiwa nyeupe kama chaki na wewe ukaendelea kuvuta resi siku moja utakuta pistoni ina tundu. Ikiwa kahawia kama biskuti hapo upo salama.

Kiazi Mviringo

Chuma Mboga umeandika kama mtihani wa chuo cha ufundi VETA

Mshika Klachi

Asante Chuma Mboga, wewe ndo ungekuwepo pale ukamwambia mbele ya wale wale vijana. Mbele yao! Maana mimi sauti iliniishia. Mtu mzima nimesimama na helmeti mkononi, midomo inacheza haitoi kitu.

Tumbo la DT

Wewe afadhali, yako ni fostroki. Mimi nilikuwa na Yamaha DT, tustroki, zile injini zinazochoma oili pamoja na petroli, ile ekzosi yake ina tumbo kubwa mbele. Nikampelekea HUYO HUYO kuziba katundu tu ka kutu. Akaliangalia tumbo akaniambia "hili tumbo ndo linalokula nguvu", akalikata!! Akaunga bomba moja kwa moja. Kwenye tustroki lile tumbo ndo lenyewe, linarudisha mgandamizo unakuja kuyasukuma ndani mafuta mapya yaliyokuwa yanatoroka na moshi. Bila tumbo ikawa inakunywa mafuta kama trekta na haivuti hata mbuzi. Nikaiuza bei ya spea.

Mzaramo Asili

Mi wa kwangu alijazia sailensa sponji la godoro. Sponji. Akasema ni sufi ya kisasa. Nimefika Mikese moshi mweusi nyuma, harufu kama bweni linaungua, abiria akaruka pikipiki ikiwa inatembea

Dogo wa Kihonda

Kumbe mmoja ana bomba la kitanda mwingine godoro hahahaha kutaneni muoane

Mbongo Ughaibuni

Huku California pikipiki ya porini iliyotengenezwa kuanzia 1986 mwisho ni desibeli 96, wanapima nusu mita toka mdomo wa ekzosi, ukizidi hawana maongezi na wewe. Na watu wanapata nguvu vizuri tu kwa sailensa kubwa yenye sufi nyingi. Kelele siyo nguvu jamani.

Baba Tunu

Tulikuwa hatujakumbushwa wiki hii kwamba uko Marekani, asante

Gia ya Sita

Toa na chujio la hewa mkuu, ikiwa ekzosi iko wazi na mbele nako wazi inaruka kama swala

Chuma Mboga

Asitoe! Vumbi la Sangasanga lile kiangazi likiingia kwenye silinda ni msasa. Mwezi mmoja inakula oili. Mkuu Mshika Klachi tafuta sailensa nyingine used hata iliyobonyea, nunua sufi ya kioo, kwanza zungushia nyuzi za stenlesi kwenye lile bomba la matundu, juu yake ndo sufi, iishi zaidi. Usiibane mno, ikishindiliwa sana sauti haizami. Halafu jeti panda hatua moja moja, ukifika mahali inakohoa na kutoa moshi mweusi umezidisha, rudi moja. Na ile sehemu aliyokata aunganishe mtu anayejua kuchomelea gesi, siyo huyo.

Mama Nasra

Samahani naingilia. Mimi sina pikipiki ila nina masikio. Kila siku saa 9 usiku kuna mmoja anapita dirishani kwangu na hilo bomba lenu anapiga baruti, mtoto ana mtihani wa darasa la saba, mama yangu mgonjwa. Huyo fundi kasema kanunue baiskeli? Mwambieni namuunga mkono, mnunue wote baiskeli

Mshika Klachi

Mama Nasra, dada, mimi siyo huyo, mimi ndo niliyekuwa nadai kimya! Nilikwenda pale kwa ajili ya watoto kama wako, nikaambiwa nikanunue baiskeli kwa ajili hiyo hiyo. Sasa na wewe unasema baiskeli. Naomba neno hilo lisitumike kwenye huu uzi.

Dogo wa Kihonda

Baiskeli

Kiazi Mviringo

Baiskeli

Tumbo la DT

Phoenix au ile ya gia?

Kitunguu Maji

Mama Nasra yako pikipiki inapita mara moja inaondoka. Mimi nyuma ya ukuta kuna baa, Ijumaa hadi Jumapili spika imeelekezwa chumbani kwangu, vikombe vinatembea wenyewe kabatini. Niliandika barua serikali ya mtaa, nikasema NEMC, wale wa mazingira, waje wapime kelele, siku wanakuja baa ikawa inapiga kwaya taratiiibu. Wameondoka tu, singeli.

Mama Nasra

Afadhali baa inafungwa. Jirani yangu amefuga jogoo anayewika saa 6 usiku, huyo jogoo ana saa ya wapi

Mzaramo Asili

Hao ni wa kisasa dada wanachanganywa na taa za mtaani. Wangu nilimla

Baba Tunu

Ila mafundi kwa ujumla wakuu, siyo wa pikipiki tu. Fundi cherehani! Nilipeleka kanzu wiki 3 kabla ya Idi. Kila nikienda "imebaki vifungo tu". Idi imefika nimeswali na kanzu ya shemeji yangu, mimi mrefu yeye mfupi, watu wanadhani nimevaa shati la kulalia. Vifungo tu hadi leo.

Kitunguu Maji

"Imebaki vifungo tu" hahaha wote wamesoma chuo kimoja. Wa kwangu harusi ya dada, sare ya familia, nimempa kitenge mita 6. Nakwenda kuchukua nakuta mtoto wake kavaa gauni la kitenge kile kile ananiamkia shikamoo shangazi

Mama Nasra

Wapi huko? Maana kuna mmoja pale karibu na soko, ana futi kamba shingoni muda wote hata akila, anakwambia njoo jioni, ukija jioni anakwambia umeme ulikatika

Tumbo la DT

Anayekula mihogo kwenye nguo za watu? Nina koti kwake tangu mwaka jana

Kitunguu Maji

Huyo huyo

Mshika Klachi

Ngojeni kwanza, huyo mwenye futi anayekaa nyuma ya duka la viatu? Ana suruali yangu ya kaki. Nilimpa apunguze kiuno tu, KIUNO, nimeikuta imekuwa kaptula. Kesho asubuhi napita kwake kwanza