Wahitimu wa chuo cha ufundi cha Tudor, Mombasa: nani ana nafasi ya atachimenti (mafunzo ya mwanafunzi kazini)?

Mama Rayyan (msimamizi): Assalaam alaykum na habari za jioni, wenzangu wa chuo. Kikundi kimenyamaza tangu Idi. Kila mtu aseme yuko wapi na yuafanya nini, kisha nina jambo.

Zuhura Doha: Waalaykum salaam. Mimi bado niko Qatar, hoteli ileile, ila nimehamishwa kutoka jikoni, sasa niko upande wa hesabu za vyakula. Mkataba wameuongeza. Mahamri kwa mbaazi nayatamani wallahi.

Baba Nuru: Hongera dada. Mimi niko Diani, mkuu wa matengenezo hotelini. Jenereta, pampu, majokofu, yakizima ni mimi naitwa. Leseni ya fundi umeme ya EPRA, mamlaka ya nishati, nimeipata, daraja la C1, alhamdulillahi.

Dada Kadzo: Maashallah! Mimi shahada ya uzamili nimeimaliza. Niko maabara ya maji, Kwale. Na kitindamimba wangu ameanza kutembea 😊

Fundi wa Kongowea: Duka la vifaa vya stima lipo. Kazi za kutandaza nyaya napata Kisauni na Mtwapa. Twashukuru.

Mzee wa Poli: Nawasoma wanangu. Nimestaafu, niko zangu Mji wa Kale, afya njema.

Juma Jomvu: Mimi sijapata kazi ya kudumu tangu tuhitimu. Nashika vibarua vya kufunga sola.

Mama Rayyan: Shukran Juma kwa kusema wazi, hapa ndipo pa kusemea. Twarudi kwako sasa hivi.

Jambo lenyewe ni hili. Leo ofisini kwetu amekuja binti wa mwaka wa mwisho, stashahada ya umeme. Barua ya chuo ameitia kwenye mfuko wa plastiki isichafuke. Ameizunguka Changamwe yote, akashuka hadi Shimanzi, na kila geti mlinzi amwambia acha barua, utapigiwa simu. Atachimenti yaanza mwezi wa tano. Asipoipata hahitimu, hata afaulu kila mtihani.

Kwetu fundi wa stima twamwita kutoka nje, kwa hivyo sina pa kumweka. Nimepata nafasi mbili tu, za uhasibu na za karani wa mizigo. Kila tukizungumza kusaidia chuo twaanza na kuchangisha pesa. Naomba safari hii tuanze na nafasi. Kila aliye kazini aulize kwao, afungue moja.

Fundi wa Kongowea: Mama Rayyan, nia ni nzuri, lakini duka langu dogo. Hao wa chuo wataka kampuni kubwa yenye mhuri.

Mama Rayyan: Chuo chataka pahali ambapo kazi ya fani yake yafanywa kweli, na mtu anayeijua kazi hiyo wa kumsimamia na kumtilia sahihi daftari lake la kazi za kila siku. Wewe wafunga nyumba nzima kuanzia mita hadi swichi ya mwisho. Kuna kampuni kubwa ambako mwanafunzi hukaa miezi mitatu na hajashika hata waya.

Dada Kadzo: Hapo umenigusa. Mahali nilipofanyia atachimenti, wavulana waliwekwa kwenye mashine za kupimia, mimi nikapewa birika. Asubuhi chai, saa nne chai, mchana kufua vikombe. Daftari langu nilikuwa sijui nijaze nini. Msimamizi wa chuo alipokuja kunikagua akaniuliza nieleze jinsi ya kupima klorini kwenye maji, nami nilikuwa nimeiona kwa mbali tu. Nilijifunza baadaye kwa mama mmoja wa maabara aliyenibakisha jioni, wenzake wakishaondoka, akanionyesha hatua kwa hatua. Riziki ninayoila leo ni ya mikono yake yule mama.

Kwa hivyo nafungua nafasi moja, ya kemia au mikrobiolojia. Na nasema mapema: atakayekuja kwangu, msichana au mvulana, wiki ya kwanza atashika vifaa.

Zuhura Doha: Allah amlipe mama yule. Jamani na tuliandike liwe sharti la kikundi. Ukimchukua mwanafunzi, mpe kazi ya fani yake.

Mama Rayyan: Limepita. Nalibandika juu.

Fundi wa Kongowea: Niseme hofu yangu. Stima haina mzaha. Kijana akishikwa na umeme kwenye kazi yangu, nitamtazamaje mzazi wake?

Baba Nuru: Hofu hiyo ni ya fundi mzuri. Mimi hufanya hivi. Siku za mwanzo mwanafunzi atazama tu na kuandika. Kisha namfundisha utaratibu mpaka aukariri: zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo weka mfukoni mwako wewe unayeshika waya, halafu pima kwa tesita kabla ya kugusa. Na tesita yenyewe ijaribu kwanza pahali penye umeme ujue kuwa ni nzima. Hapo bado haruhusiwi kufanya peke yake. Na asiye na bima ya ajali hotelini kwetu haingii, wala asiye na viatu vya usalama.

Fundi wa Kongowea: Hilo la kufuli ni jema. Wengi wetu huzima swichi tukamwacha mwenye nyumba nyuma yetu, naye aja aiwasha. Haya, niandikieni mmoja.

Juma Jomvu: Samahani wakubwa zangu. Si kazi ya serikali na chuo kuwatafutia nafasi? Sisi wenyewe hatujasimama.

Mzee wa Poli: Mwanangu Juma, umeuliza haki. Serikali ina wajibu wake na tuidai. Lakini hapo Tudor unapopaita chuo pamesimama kwa michango. Mwaka 1948 kilipoanzishwa kiliitwa MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education, cha kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki. Aga Khan alitoa, Sultani wa Zanzibar alitoa, Mabohora walitoa, na serikali ya kikoloni nayo ikatia fungu lake. Wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Baada ya uhuru milango ikawa ya kila mtu. Sisi tulikikuta chaitwa Mombasa Polytechnic, jina la 1972. Nyinyi mmekikuta chuo kikuu, na hati yake ni ya 2013. Mimi baba yangu alikuwa hamali wa bandarini, hakuwa na cha kumpa mtu ili nifundishwe. Nilifundishwa.

Juma Jomvu: Nimekusikia, Mzee. Shukran.

Mama Rayyan: Na Juma, wewe barua za maombi umeandika nyingi kuliko sisi sote, wajua ipi hujibiwa na ipi hutupwa. Wasaidie hawa watoto kuzipanga.

Juma Jomvu: Hilo naliweza. Wanitumie hata usiku. Kosa kubwa wanalofanya ni kuandika "kwa yeyote anayehusika". Piga simu kwanza, uliza jina la mkuu wa karakana, mwandikie yeye. Taja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na useme bima unayo.

Fundi wa Kongowea: Juma, nina nyumba Mtwapa zataka sola, na mkono wangu ni mmoja. Nipigie kesho tuzungumze malipo, usije bure.

Juma Jomvu: Napiga baada ya alfajiri inshallah 🙏

Zuhura Doha: Mimi niko mbali, nafasi sina. Acheni nilipe bima ya yule binti na viatu vyake. Na nauli ya mwezi wa kwanza, maana najua atachimenti nyingi hazilipi hata senti. Yuakaa wapi?

Mama Rayyan: Likoni.

Baba Nuru: Basi mleteni kwangu. Hana haja ya feri, apanda matatu hapo Likoni mpaka Ukunda. Chakula cha mchana atakula na wafanyakazi.

Mama Rayyan: Alhamdulillahi. Jengine la haraka, kwa waliosoma kwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu. Pesa tunazorudisha ndizo wanazokopeshwa hawa wanaoingia sasa. Sisi tulioajiriwa hukatwa kwenye mshahara. Fundi, na nyinyi mliojiajiri, hakuna wa kuwakata, lipeni wenyewe kwa M-Pesa. Riba ni 4% kwa mwaka, lakini ukinyamaza faini ni shilingi 5,000 kila mwezi, na hiyo faini ndiyo huwaumiza watu.

Juma Jomvu: Na asiye na kazi?

Mama Rayyan: Usijifiche. Nenda ofisi yao uwaeleze hali yako, muelewane utalipaje. Ukipenda nitakusindikiza.

Mzee wa Poli: Mimi nina wakati. Jumamosi asubuhi nitakaa na hao wa umeme na mitambo niwafundishe kusoma michoro kabla hawajaanza. Nipateni chumba tu, na ubao.

Dada Kadzo: Mzee, Mungu akuweke. Chumba nitauliza kwa wenzangu waliobaki kufundisha chuoni.

Mama Rayyan: Hadi sasa tuna umeme wawili, maabara mmoja, uhasibu mmoja, karani mmoja. Mitambo hakuna, na barua za mitambo ninazo nne. Nani yuko bandarini Kilindini?

Baba Salma: Nimeingia sasa hivi kutoka zamu, nimesoma yote. Mimi niko karakana ya winchi. Mkubwa wangu nitamuona Jumatatu, wawili nadhani atakubali. Lakini pasi za geti huchelewa, kwa hivyo nitumieni leo nakala za vitambulisho na barua za chuo.

Mama Rayyan: Nazipiga picha. Zaja kwako sasa hivi, za wote wanne.