Bayocha kwenye tangi la bayogesi la makombo: niweke kiasi gani?

Tangi1000: Wakuu, mtambo ni tangi la lita 1000, tope ndani kama lita 750. Linalishwa makombo ya mgahawa (wali, ugali, maharage) kilo 12 kwa siku. Wiki ya tatu sasa gesi inajaa, ila inazima kiberiti badala ya kuwaka, na tope linanuka kama uji uliochacha. Bayocha (mkaa wa mabaki ya mimea) itasaidia? Mkaa wa vifuu vya nazi unafaa?

FundiGesi: Mkuu, hapo umelivimbisha tangi. Wanga huchacha upesi kuliko vijidudu vya methani (gesi inayowaka) vinavyoweza kuila hiyo asidi, ndiyo maana gesi yako imejaa kabonidayoksaidi isiyowaka. Pima pH (kiwango cha asidi) kwa karatasi yake. Ikiwa chini ya 6.5, acha kulisha kabisa. Toa lita 40 za tope, rudishia ndoo mbili za kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichokorogwa kwa maji ya vuguvugu, kisha subiri ifike 6.8 hadi 7.4. Chokaa usikikimbilie: ukikimwaga kingi kwa mkupuo kinafyonza kabonidayoksaidi, gesi inanywea na tangi la plastiki linaweza kubonyea. Ukianza tena, kilo 2 kwa siku, upandishe taratibu, usizidi kilo 5 kwa siku pamoja na lita 10 za maji. Ukiendelea kushindilia kilo 12, hakuna bayocha itakayokuokoa.

Mkaa_Pwani: Naunga mkono. Vifuu vinafaa sana, ni vigumu na havimomonyoki ovyo. Gramu 10 kwa lita ya tope, yaani kilo 7.5 kwako, weka nusu kwanza, nusu baada ya wiki. Usiumwage mkavu! Utaelea juu na kuziba bomba la kutolea. Twanga, chekecha upate chembe za milimita 1 hadi 3, loweka siku 3 hadi 5 kwenye ndoo ya tope la mtambo wenye afya mpaka zizame. Vile vitundu ndiyo makao ya vijidudu, mkaa wenyewe huvisaidia kupitishiana elektroni, na majivu yake hupunguza ukali wa asidi kidogo. Vumbi la mkaa la sokoni lina mchanga, na mkaa wa kufinyanga una udongo; vyote vinaishia kujaza sakafu ya tangi.

Tangi1000: Nikishaweka, basi?

Mkaa_Pwani: Hapana. Ukikoroga vizuri, kila lita 15 zinazotoka hubeba hadi gramu 150. Usipokoroga unatuama chini na haufanyi kazi. Koroga kila asubuhi kabla ya kulisha, rudishia nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, ukiangalia kinachotoka. Hilo tope jeusi peleka kwenye migomba.

FundiGesi: Mafuta ya kukaangia na mifupa visiingie. Na hicho kiberiti, jaribia kwenye jiko mwisho wa mpira, usijaribie mdomoni mwa tangi.