Ushauri: wapi pa kushushia kayaki Dar bila kupitia hotelini?

KafiMpya
Habari za asubuhi wakuu. Nina kayaki ya plastiki ya kukaa juu, ya mtu mmoja, urefu mita 3.2, uzito kilo 27. Naibeba juu ya gari dogo. Natafuta sehemu za umma za kuishusha majini kuanzia Kivukoni hadi Kunduchi, mahali ambapo silazimiki kununua chakula hotelini ndipo niruhusiwe kupita. Naogelea vizuri ila bahari siijui sana. Nikiangalia ramani naona ufukwe mrefu, nikikuza picha naona kuta na mageti tu. Wapi panafaa, saa ngapi, na je kuna vibali? Mbeleni ningependa kufika kisiwa cha Mbudya.

Nahodha wa Ghuba
Karibu mkuu. Kabla hujataja sehemu yoyote, jiulize: saa nitakayorudi, hapa patakuwaje? Maji yakiwa yamejaa unaweza kushusha karibu popote. Miguu inachubuka na plastiki inachanika wakati wa kurudi.

Bamvua ya Dar, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, inapandisha na kushusha maji mita 3 na zaidi. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, tofauti ni mita moja na kitu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu saa nne. Sasa chukua mtu aliyeshusha saa moja asubuhi siku ya bamvua kwenye ghuba ya Msasani. Akirudi saa nne anakuta maji yamekwenda mbali, mbele yake kuna tope, mawe na chaza wanaokata kama wembe, na kilo 27 za kuburuta. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne au saa tano asubuhi, na yanatembea taratibu. Anza na siku hizo.

Kumbuka pia maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mara 12: saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3, saa ya tatu peke yake inaondoka na sentimita 75. Kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo, hizo ni hatua nyingi sana za kutembea. Tafuta jedwali la maji la bandari ya Dar, na ujue kwamba kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50.

Mikoko na Mchanga
Nianze na pa kuacha. Kivukoni hadi Ocean Road ifute kabisa. Mlango wa bandari ni mwembamba, meli kubwa haiwezi kukukwepa, pantoni za Kigamboni zinakatiza kutwa nzima, boti za kasi za Zanzibar zinaacha mawimbi yanayogonga ukuta na kurudi, na Ikulu iko hapo hapo ufukweni. Si mahali pa mtu mwenye kafi.

Upande wa Upanga, kwenye Daraja la Tanzanite, kuna mdomo wa mto Msimbazi. Mto ule unakusanya uchafu wa sehemu kubwa ya jiji. Mvua ikinyesha, kaa mbali siku mbili tatu, hasa ukiwa na kidonda. Hata siku kavu, maji yakipwa pale ni tope linalomeza mguu hadi gotini.

Coco Beach ni ya umma kweli na pa kuegesha gari papo, ila usiifanye shule yako. Inatazama mashariki, bahari kuu inaingia bila kizuizi, na kuna ngazi ya mwamba inayojitokeza maji yakipungua. Mikondo yake inajulikana kwa kuvuta waogeleaji. Ukiitumia, iwe asubuhi isiyo na upepo, maji yamejaa zaidi ya nusu na bado yanapanda, na urudi kabla hayajaanza kushuka.

Diko la Kunduchi
Ongezeko kwa mwenye uzi. Sehemu zinazofaa zaidi kwa umma ni madiko ya wavuvi, yaani pale wanapotua na vyombo vyao: Msasani upande wa ghuba, Kawe na Kunduchi. Wavuvi wamechagua pale kwa sababu mchanga ni mzuri na mawimbi yanavunjika mbali. Lakini ni sehemu ya kazi, kwa hiyo kuna utaratibu.

Ukifika, waulize viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni. Salimia, eleza unaelekea wapi na utarudi saa ngapi, uliza wapi usizibe njia. Mara nyingi utaelekezwa pembeni, na utapata kijana wa kuangalia gari kwa malipo mtakayokubaliana. Wale unaowaaga ndio watakaoona kwamba hujarudi.

Usifike kukipambazuka. Muda huo boti za dagaa zinarudi, samaki wanashushwa, wachuuzi wamejaa. Subiri kupungue. Majini pita nyuma ya vyombo vilivyotia nanga. Kamba ya nanga ikiwa imelegea hukaa sentimita chache chini ya maji na hunasa kafi. Ngalawa nayo ina matengo, yale mabawa ya mbao, pande zote mbili, mpe nafasi ya upana wake wote. Ukiona maboya madogo au madumu yamepangwa mstari, ni nyavu. Zunguka mwisho wa mstari, usikatize katikati.

Pale Slipway kuna mteremko wa zege ambao ni raha kushushia, ila ni eneo la biashara, uliza kwanza. Zege lenye mwani linateleza kuliko barafu. Vaa viatu, shuka kando kando.

KafiMpya
Asanteni sana wakuu. Upepo je? Na Mbudya kunahitaji kibali?

Nahodha wa Ghuba
Kusi inavuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, na rasi ya Msasani inaikinga ghuba vizuri. Kaskazi, Desemba hadi Machi, inaingia ghubani moja kwa moja kwa sababu mdomo wa ghuba unatazama kaskazini. Miezi hiyo utakuta mawimbi mafupi yenye hasira hata karibu na pwani. Misimu yote, upepo wa baharini huongezeka kuanzia saa tano asubuhi. Panga kuwa nchi kavu kabla ya hapo. Soma utabiri wa bahari wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) usiku uliotangulia, na wakitoa tahadhari ya upepo mkali au mawimbi, kayaki ibaki nyumbani.

Upepo unaotoka nchi kavu ndio unaodanganya wageni. Ufukweni maji yametulia kama sahani, unakwenda bila kutoka jasho, na ukigeuka ndipo unagundua unasukumwa nje. Siku za kwanza anza kwa kupiga kafi dhidi ya upepo, ukusaidie wakati wa kurudi.

Mbudya na Bongoyo ni sehemu ya hifadhi za bahari za Dar es Salaam, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, tangu 1975. Kiingilio kinalipwa, raia na wageni viwango tofauti. Lipa kabla ya kuondoka na stakabadhi ikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Kutoka Kunduchi hadi Mbudya ni kilomita 3 hivi, kutoka Slipway hadi Bongoyo kama 5. Mtu mpya anakwenda kilomita 4 kwa saa maji yakiwa shwari, chini ya hapo upepo ukiwa usoni. Usiende Mbudya mpaka uweze kupanda tena kwenye kayaki kutoka majini, mahali ambapo miguu haifiki chini, bila kusaidiwa. Jifunzie hapo ufukweni: lala kifudifudi ukishika ukingo wa mbali, piga mateke miguu ielee, vuta kifua juu, geuka ukae.

Fundi Plastiki
Mkuu, kuhusu chombo chenyewe. Kizibo cha kutolea maji nyuma kifungwe na ukihakikishe kwa mkono kila mara. Kikilegea, maji yanaingia ndani ya bodi polepole na hutajua mpaka kayaki ianze kuyumba kama mlevi. Lita moja ni kilo moja. Kayaki iliyomeza lita 60 huwezi kuiinua.

Juu ya gari ifunge ikiwa imegeuzwa, sehemu ya kukalia chini na tumbo juu, kwa mkanda usiokazwa kupita kiasi. Plastiki ikipata jua la saa saba ikiwa imebanwa hubonyea na kubaki hivyo. Usiiburute kwenye matumbawe, kisigino cha nyuma ndicho hutoboka kwanza. Kigari cha magurudumu mapana ya upepo kinatembea mchangani, yale membamba yanazama.

Jaketi okozi limefungwa mwilini, si limefungwa kwenye kayaki. Filimbi kwenye jaketi, kafi na kamba yake, simu kwenye mfuko mkavu, maji ya kunywa lita 2.

Mikoko na Mchanga
La mwisho, kutua. Elekeza pua ufukweni moja kwa moja. Ukikaa kiubavu wimbi litakugeuza. Shuka upande wa baharini, kamwe usisimame kati ya kayaki na nchi kavu, maana wimbi moja likiisukuma itakupiga magotini. Kwenye maji ya kina kifupi buruza nyayo badala ya kunyanyua miguu, ili samaki aina ya taa waliojifukia mchangani wakusikie na kuondoka. Akikuchoma, osha jeraha, chovya mguu kwenye maji moto kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, kati ya nusu saa na saa moja na nusu, kisha nenda hospitali. Mwiba uliozama sana usiung'oe mwenyewe.