Bibi wawili wanataka kuja kunisaidia na mtoto, ninaruhusiwa kumpokea mmoja tu

Mama Kichanga:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Naomba mawazo, hasa ya waliojifungua tangu hili janga la corona lianze. Mtoto wangu wa kwanza, binti, ana wiki tatu. Nilijifungua kwa upasuaji. Mshono unapona, daktari hana wasiwasi nao, lakini nimeambiwa nisinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe, na ndoo ya nguo zake tu imeshamzidi uzito.

Hospitalini mume wangu hakuruhusiwa kuingia wodini. Alimwona mwanawe kwanza kwenye simu, halafu getini tulipotoka. Hilo nimeshalimeza. Shida yangu ni ya sasa.

Taratibu tulizowekewa mwaka huu wa 2021 zinaturuhusu kupokea mtu mmoja kutoka kaya nyingine, na tukishamchagua ndiye huyo huyo, hakuna kupokezana. Wanaotaka kuja ni wawili.

Mama yangu ana miaka 64, ana presha na kisukari. Anaishi mbali, angepanda basi kutwa nzima. Huyu ndiye ninayemtaka, nisiwafiche. Tangu nishike mimba nilikuwa namwona yeye amekaa ukingoni mwa kitanda changu. Ananipigia asubuhi na jioni: "Nije?" Namjibu, "Subiri kwanza, mama." Nikikata simu nalia.

Mama mkwe ana miaka 57, mzima kabisa, anaishi karibu, mwanawe anaweza kumfuata kwa gari asikutane na mtu njiani. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Ila ana misimamo. Mtoto akilia anataka apakatwe na yeye. Anasema maziwa yangu hayatoshi (uzito unapanda vizuri tu, kadi ya kliniki ninayo). Barakoa ndani ya nyumba ni kumtisha mjukuu. Wiki ya kwanza alikuja kutuchungulia dirishani, akasema corona haiingii nyumba yenye malaika. Nilicheka, lakini mlango sikuufungua.

Mume wangu anarudi kazini Jumatatu, na kazi yake ni ya kuonana na watu mchana kutwa. Nitabaki peke yangu. Halafu kuna jioni. Ikifika saa kumi na mbili mtoto anaanza kulia bila sababu ninayoiona, mpaka saa tatu au nne, na mimi najikuta nalia naye.

Nimchague nani? Na yule nisiyemchagua nimwambieje bila kuvunja undugu? Wifi yangu ameshasema, "Mwenye mtoto ni wewe, mwenye ukoo ni sisi." Alisema kwa utani, lakini utani wa mawifi mnaujua.

Mama Pacha:

Hongera sana kwa binti. Mimi nilijifungua pacha Juni 2020, kwa hiyo nasema nilichokipitia.

Unauliza nani aje. Jiulize kwanza anakuja kufanya nini. Mtu wa kumshika mtoto humhitaji, mtoto unamshika mwenyewe, na hiyo kazi hakuna anayekuzidi. Unamhitaji mtu wa ile ndoo ya nguo, wa jiko, wa vyombo, wa kukusogezea maji ya kunywa mtoto akiwa ziwani. Mchanga ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa saa 24. Toa muda wa kumcheulisha na kumbadilisha nepi, halafu niambie umebakiwa na nini.

Kwa hesabu hiyo, hata corona isingekuwepo, mama yako mwenye presha ungempa ndoo gani abebe? Mchukue mama mkwe. Lakini masharti yasemwe kabla hajaingia, na ayaseme mwanawe. Wewe usifungue mdomo. Mwana akimwambia mama yake, "Mama, ndani tunavaa barakoa," huyo ni mwana anayejali familia. Mkwe akisema maneno hayo hayo ana kiburi. Si haki, najua, lakini dunia tutairekebisha mtoto akishaanza kulala usiku.

Sisi tuliandika kazi kwenye karatasi tukaibandika kwenye friji. Hakuna jina la mtu, kazi tu: nguo za mtoto zianikwe, chupa zichemshwe, sakafu. Anayeingia anasoma, anaanza. Inakuepusha na lile la kuulizwa "nikusaidie nini?" na wewe kujibu "hakuna mama, pumzika," kumbe sinki limefurika.

Mzee wa Busara:

Mnazidisha. Sisi tumelelewa na nyumba nzima na tuko hai. Waache waje wote wawili, mmoja apite mlango wa nyuma. Hofu ndiyo inayoua watu.

Mama Kichanga:

Mzee wangu, mlango wa nyuma upo. Ila kisukari cha mama yangu hakitajali alipita mlango gani.

Mkunga Zamu ya Usiku:

Mimi ni mkunga, bado niko wodini. Nitasema ya afya, ya ukoo nawaachia wenyewe.

Mama yako ana zaidi ya miaka 60, ana presha, ana kisukari. Kila moja ya hayo peke yake linatosha kumweka kwenye kundi ambalo ugonjwa huu unaliumiza zaidi. Wachanga wengi wanaoambukizwa huugua kidogo au hawaonyeshi dalili yoyote. Katika nyumba yako anayeweza kuishia kulazwa ni bibi. Ukimwambia asubiri unamlinda yeye, na afadhali umwambie kwa maneno hayo hayo, maana sasa hivi anaelewa kwamba anayelindwa ni mtoto, na kwamba yeye ndiye hatari.

Atakayekuja: mtu aliyeambukizwa huchukua siku 2 mpaka 14 kabla ya kuonyesha dalili, wengi ni kwenye siku ya tano au ya sita. Ndiyo maana ya zile siku 14 za karantini mnazozisikia. Mama mkwe akiweza kukaa kwake bila kuchangamana na watu muda huo kabla ya kuja, mtapumua. Asipoweza, avae barakoa akiwa karibu nanyi, madirisha yawe wazi, na anawe kwa sabuni sekunde 20 kila kabla ya kumgusa mtoto. Kumbusu hapana, si usoni wala vidoleni, kwa sababu vidole vya mtoto vinaishia mdomoni. Hilo ningelisema hata bila corona: virusi vya malengelenge ya mdomoni, ambavyo mtu mzima havimsumbui sana, vinaweza kumuua mchanga. Mtoto mwenyewe asivalishwe barakoa wala ngao ya plastiki usoni, anaweza kukosa hewa.

Sasa baba. Mnamwekea bibi masharti, na mgeni wa kila siku ni baba. Huyo ndiye anayetoka kwa watu kila jioni. Barakoa akiwa kazini ni muhimu kuliko yote, kisha akifika anawe kabla ya kumchukua mtoto. Kubadilisha nguo si vibaya, ila asifikiri ndiko kunakomaliza kazi.

Ukiugua wewe, usimwachishe ziwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) limelisema tangu 2020: mama mwenye corona aendelee kunyonyesha, avae barakoa, anawe mikono kabla na baada.

Kile kilio cha jioni huwapata watoto wengi. Huanza karibu na wiki ya pili au ya tatu, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Kama uzito unapanda na analowesha nepi sita au zaidi kwa siku, maziwa yako hayana kosa. Ukizidiwa, mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache, rudi. Usimtikise hata kidogo.

Joto likifika nyuzi 38, au akigoma kunyonya, akilegea, akihema kwa shida: hospitali saa hiyo hiyo, usiogope eti kuna corona. Na wewe pia, ukitokwa damu nyingi, ukipata homa, mshono ukitoa usaha, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, kifua kikibana au mguu mmoja ukivimba na kuuma. Chanjo za mtoto msiziruke. Mei 2020 WHO, UNICEF na Gavi (muungano wa kimataifa wa chanjo) walionya kwamba watoto wasiopungua milioni 80 wa chini ya mwaka mmoja walikuwa hatarini kwa sababu chanjo zilivurugika. Surua haingoji corona iishe.

La mwisho ni machozi yako. Siku za mwanzo wengi hulia, na huisha ndani ya wiki mbili. Wewe uko ya tatu. Sisemi unaumwa, nasema waambie kliniki, usisubiri miadi ya wiki ya sita. Kuna dodoso la maswali kumi la kuchunguza sonona baada ya kujifungua, linaitwa la Edinburgh, linaulizwa hata kwa simu. Ukianza kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, ongeza haraka. Ukipata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, siku hiyo hiyo, na usibaki peke yako.

Baba Zamu:

Kwa mume wako tu. Usiku msiamke wote wawili kila mtoto akilia, mtaharibika wote. Gawaneni vipande. Mke wangu alikuwa ananyonyesha saa tatu usiku, anazima taa. Kuanzia hapo nepi, kucheulisha, kumbembeleza ni mimi, mpaka atakapotaka ziwa tena. Saa nne za usingizi bila kukatizwa zinamrudishia mtu akili.

Na huyo wifi yako anajibiwa na mumeo, si wewe.

Bibi wa Mbali:

Mwanangu, mimi ndiye yule asiyechaguliwa, kwa hiyo nisikilize.

Binti yangu alijifungua Aprili 2020. Mjukuu nilimshika akiwa ameshajua kukaa mwenyewe. Kukatazwa kuliniuma, lakini kilichoniuma zaidi ni hilo hilo unalomwambia mama yako, "Subiri kwanza." Kila asubuhi nilikuwa naamka nimekunja kanga mbili kwenye mkoba. Mwisho binti akaniambia: "Mama, huji mpaka taratibu zibadilike. Tutazungumza tena mwisho wa mwezi." Nililia siku ile, nikafungua mkoba, nikalala. Hapana iliyonyooka ina siku moja ya machozi. Hiyo subiri yenu ina machozi kila asubuhi.

Mpe na kazi. Mimi kazi yangu ilikuwa hiyo saa ya kilio. Jioni simu ya video inaegemezwa kabatini, mimi naimba, naongea, mara nyingine nachambua mboga zangu tu. Mtoto hakunisikiliza hata kidogo, aliendelea kulia. Ila binti yangu alikuwa na mtu mzima wa kuongea naye. Picha usimtumie nyingi mno. Picha unaitazama mara moja ukabaki na hamu mara mbili. Na mwambieni mama mkwe asimrushie za kwake akiwa amempakata. Wivu hauzeeki.

Tena kabla mama mkwe hajaingia hapo, ampigie mama yako. Si ninyi, wao wenyewe. Amwambie, "Dada, naenda kukushikia nafasi yako." Yakisemwa na mzee kwa mzee mwenzake, wewe na mumeo hamna la kuelezea tena.

Mama Kichanga:

Nimesoma yote, na nimemsomea mume wangu. Kwenye "mgeni wa kila siku ni baba" alinuna kidogo, kisha akaenda kutafuta barakoa za kutosha wiki nzima.

Amempigia mama yake. Barakoa amekubali kwa manung'uniko. Kumbusu mtoto alikataa katakata mpaka alipoelezwa habari ya malengelenge, hapo akanyamaza. Kufua na kupika hana neno, ila naye ametoa sharti: saa moja kila siku mjukuu awe wake. Nimekubali upesi kuliko alivyotegemea, maana saa hiyo nitalala. Tangu mwanzo wa mwezi hajatoka zaidi ya uani kwake, kwa hiyo anamalizia siku zake na atakuja katikati ya wiki.

Wazee wameongea kwa simu. Simu ilichukua muda mrefu na hakuna aliyetuambia walichozungumza. Mama yangu baadaye alinipigia, hakuuliza "nije?" Aliuliza simu iegemezwe wapi ili aone vizuri. Nilimwambia wazi kwamba haji mwezi huu, na kwa nini. Alilia. Nasubiri kuona kesho.

Wifi nimemwachia kaka yake.

Mkunga, nisaidie jambo moja. Mtoto anapiga chafya sana na pua inakoroma akinyonya. Homa hana. Ni mafua?

Mkunga Zamu ya Usiku:

Chafya bila homa ni kawaida kwa mchanga. Njia za pua yake ni nyembamba, ndivyo anavyozisafisha. Muhimu anyonye vizuri, na kifua kisibonyee ndani anapovuta hewa. Ukitaka uhakika, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Zikiwa 60 au zaidi, hesabu tena. Zikibaki hivyo, mpeleke.

La machozi hujanijibu.

Mama Kichanga:

Nimepiga kliniki. Wamenipangia Alhamisi, kwa simu, yale maswali kumi.